Simu ya Ufuatiliaji Baada ya Mimba Kuharibika

Mwanamke aliyetibiwa kwa sababu ya mimba kuharibika huruhusiwa kurudi nyumbani mapema, mara nyingi siku ileile. Kizazi kikiwa kimesafishwa, damu ikiwa imepungua na shinikizo la damu likiwa la kawaida, hakuna sababu ya kitabibu ya kuendelea kumlaza. Hata hivyo, madhara yanayoweza kumrudisha hospitalini akiwa taabani, yaani maambukizi ya kizazi na damu kuanza kumwagika upya, yanaweza kujitokeza siku zinazofuata, wakati hayupo tena mbele ya macho ya muuguzi. Katika pengo hilo ndimo simu inamopata kazi.

Ukubwa wa jambo hili haupaswi kufichwa. Makadirio ya kitafiti yaliyohusu mwaka 2013 yalionesha kuwa wanawake wa Tanzania waliotoa mimba mwaka huo walifikia 405,000, na kwamba 66,600 hivi ndio waliotibiwa katika vituo vya afya kwa madhara yaliyotokana na kitendo hicho. Mimba zilizotoka zenyewe hazimo katika hesabu hiyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakataza kutoa mimba isipokuwa pale inapolazimu kuokoa maisha ya mama. Lakini haikatazi kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imekwisha kuharibika, iwe ilitoka kwa namna gani. Kwa hiyo muuguzi anayepiga simu siku ya tatu hahitaji kuuliza chanzo. Anahitaji kujua damu ni kiasi gani, joto la mwili likoje, na maumivu yamezidi au yamepungua.

Kwa mkazi wa Kaloleni au Levolosi, katikati ya Jiji la Arusha, kurudi kituoni kuna gharama ndogo. Kwa anayeishi Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru, safari ya kufika hospitali ya wilaya huko Tengeru inaweza kula siku nzima ya kazi na nauli ya kwenda na kurudi, tena katika msimu ambao nyanya shambani hazimsubiri mtu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unaeleza kuwa mwanamke asiye na matatizo hahitaji kurudishwa kwa uchunguzi wa kawaida, ilimradi amepewa maelezo ya kutosha na anajua mahali pa kukimbilia hali ikibadilika. Neno zito hapo ni “anajua”. Maelezo yanayotolewa kwa mtu mwenye maumivu, akiwa bado na hofu au majonzi, husahaulika upesi. Kuyarudia kwa simu baada ya siku chache si anasa.

Mafanikio ya simu hiyo, lakini, huamuliwa kabla mwanamke hajatoka wodini. Namba iliyoandikwa kwenye kadi huenda si yake. Katika nyumba nyingi simu ni moja, nayo hukaa kwa mume, kwa mama mkwe au kwa kijana aliyetumwa kuichaji dukani. Muuguzi anayeuliza tu “namba yako ya simu?” amepata tarakimu kumi na hakupata kibali chochote. Maswali yanayofaa ni mengine: simu hii hushikwa na nani mchana? Saa ngapi unakuwa peke yako? Akipokea mwingine, nijitambulisheje? Je, ujumbe wa maandishi unaruhusiwa, au usitumwe kabisa? Ujumbe wenye neno “mimba” ukitokea kwenye kioo cha kitochi kilichoachwa mezani, unaweza kuvunja nyumba au kumletea mtu kipigo. Mwanamke akisema hataki kupigiwa, jibu hilo nalo ni kamili. Apewe namba ya kituo apige mwenyewe.

Akipokea mama mkwe, salamu ya kawaida inatosha: “Shikamoo mama, namwomba dada kidogo,” na kama hayupo, “Nitapiga baadaye, asante mama.” Hakuna la zaidi. Hata anapopokea mwenyewe, yawezekana watu wamemzunguka. Hivyo maswali yaulizwe kwa namna ambayo “ndiyo” na “hapana” zitatosha. Je, umelowanisha pedi mbili kubwa kwa saa moja, na hali ikaendelea hivyo saa ya pili? Kwa anayetumia vitambaa vya kanga, aulizwe amebadilisha mara ngapi tangu asubuhi. Je, una homa au baridi kali? Uchafu unaotoka una harufu mbaya? Unaona kizunguzungu unaposimama? Damu kidogo inayopungua siku hadi siku kwa wiki moja au mbili ni jambo la kawaida. Dalili mojawapo kati ya hizo nyingine ni ya kurudi kituoni bila kungoja asubuhi.

Neno la kwanza katika simu hiyo liwe pole. Wengi wa wanawake hawa walikuwa wakimtarajia mtoto, na kuwafungulia mazungumzo kwa uzazi wa mpango ni ukatili usiokusudiwa. Lakini jambo lenyewe haliahirishiki sana, kwa kuwa mwanamke anaweza kushika mimba tena ndani ya wiki mbili, kabla hata hajaona hedhi. Anayetaka mimba nyingine hushauriwa angoje angalau miezi sita. Asiyetaka aelezwe sindano, vijiti, kitanzi na vidonge, kisha achague mwenyewe.

Utafiti uliofanywa Kambodia na kuchapishwa mwaka 2015 ulipima jambo hili kwa wanawake 500 waliotoka kupata huduma ya kutoa mimba. Nusu yao walipelekewa jumbe sita za sauti kwa miezi mitatu, na aliyetaka kuzungumza na mshauri alibonyeza kitufe akapigiwa. Mwezi wa nne, asilimia 64 ya waliopigiwa walikuwa wakitumia njia madhubuti za uzazi wa mpango, dhidi ya asilimia 46 ya wenzao. Kufikia mwezi wa kumi na mbili tofauti hiyo ilikuwa imepungua mno kiasi cha kutothibitika. Simu husaidia inapolia. Ikinyamaza, mwanamke hubaki na zahanati iliyo karibu naye.

Liko pia suala la daftari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Orodha ya majina na namba za wanawake hawa haipaswi kulala juu ya meza ya mapokezi wala kuhifadhiwa ndani ya simu binafsi ya muuguzi, ambayo kesho huenda ikawa mikononi mwa fundi.

Kwa mwananchi anayehitaji ushauri, kituo cha simu cha Wizara ya Afya hupatikana bila malipo kwa namba 199. Dharura ya uzazi inayohitaji usafiri hupigiwa namba 115 ya mfumo wa m-mama, nayo pia ni bure, hata kwa simu isiyo na salio.