Kompyuta Ikizima Ghafla, Pima Joto la Prosesa Kwanza

Unajaza fomu za basari za wadi, umefika mwanafunzi wa arobaini, mara kompyuta inazima. Stima hazijapotea. Unaiwasha, baada ya dakika ishirini inazima tena. Wengi hulaumu virusi, au huomba mashine mpya. Kabla ya kufika huko, chunguza joto.

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Ikifanya kazi hutoa joto, na feni hulipeleka nje kupitia matundu. Matundu yakiziba kwa vumbi, joto hubaki ndani. Prosesa hujikinga kwanza kwa kupunguza kasi. Joto likizidi, mashine hujizima. Ndiyo maana kompyuta yenye joto huanza kuwa nzito, feni ikivuma bila kupumzika.

Namna ya kupima

1. Weka programu ya kupima joto. HWMonitor, ya kompyuta za Windows, ina toleo la bure. Ipakue kwenye tovuti ya watengenezaji wake pekee. Kwa kompyuta ya ofisi, mwombe afisa wa TEHAMA aiweke.

2. Iache mashine dakika 10 bila kazi, kisha uandike kipimo. Nyuzijoto 35 hadi 50 za Selsiasi ni kawaida. Chumba chenye joto jingi huongeza kiwango hicho.

3. Fanya kazi zako za kila siku kwa dakika 15, kisha usome safu ya Max, yaani kiwango cha juu kilichofikiwa. Nyuzi 60 hadi 80 hazina neno. Joto likikaa juu ya 90, chukua hatua, kwani prosesa nyingi zina kikomo cha kati ya 95 na 100.

Hatua za kuchukua

Zima mashine, chomoa waya, kisha pangusa matundu kwa brashi laini. Kipakatalishi kiweke juu ya meza, si kitandani wala juu ya mto. Pima tena. Joto lisiposhuka, mwite fundi: huenda feni imekwama, au krimu ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa imekauka. Mwonyeshe vipimo ulivyoandika.

Wakati huo wote, hifadhi kazi yako kila mara na uweke nakala kando. Mashine hutengenezwa, lakini fomu iliyopotea siku ya mwisho ya maombi yaweza kumgharimu mtoto karo yake.