Huu Mradi ni wa Nani? Kusoma Kibao cha Mfadhili Masasi na Newala

Ukitoka Masasi mjini kwenda Newala, jipe kazi ya kuhesabu vibao kabla gari halijaanza kupanda mlima. Kipo cha zahanati, cha madarasa, cha kisima, cha barabara. Vingine vimechorwa bendera mbili, yetu na ya wageni, na mikono miwili inayoshikana. Jua la Mtwara likishavila miaka mitatu minne, kinachobaki ni vidole tu.

Mwaka juzi nilisimama kwenye kioski cha maji upande wa Newala, nikamwamkia bibi mmoja aliyekuwa akisubiri dumu lake lijae. "Marahaba mjukuu wangu," akaniitikia. Nikamuuliza mradi ule ni wa nani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mvua ni ya nani. "Zamani wa Wakoloni, halafu wa Serikali, halafu wa Wafini. Sasa hivi nasikia Wahindi. Sisi ni wa ndoo tu."

Makala hii ni kwa ajili ya watu wa ndoo. Fedha inayotoka Helsinki, New Delhi au Abidjan hadi bomba la kijijini hupita njia inayojulikana, na mwananchi ana haki ya kuifuata hatua kwa hatua.

Tuanze na maji, maana kwa uwanda wa Makonde maji ndiyo historia yenyewe. Juu kule ni mchanga mwekundu unaokunywa mvua yote. Hakuna mto, hakuna kijito, na kisima cha kuchimba kwa mkono hakifiki popote. Kwa vizazi vingi wanawake walishuka mabondeni alfajiri na kupanda na mitungi kichwani. Wenye mabati walichimba mashimo, wakayasakafia kwa saruji ili yahifadhi maji ya paa, na mashimo hayo yapo hadi leo. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliweka mitambo ya kusukuma maji kutoka bonde la Kitangari, kwenye chemchemi za Mitema, hadi juu uwandani. Maji yaliuzwa. Baada ya Uhuru yakawa bure: kuanzia mwaka 1970 Serikali ilibeba gharama zote za maji vijijini, na mwaka 1971 ikaweka lengo la kila mwanakijiji kupata maji karibu na nyumbani ifikapo 1991.

Hapo ndipo wahisani walipoingia kwa kishindo. Nchi iligawanywa kimikoa kama shamba la ushirika. Kanda ya Ziwa ilipangiwa Waswidi, Tanga Wajerumani wa Magharibi, Iringa, Mbeya na Ruvuma Wadenmark, Shinyanga na Morogoro Waholanzi. Mtwara na Lindi tulipata Finland. Wafini walianza na mpango mkuu wa maji katikati ya miaka ya 1970, wakaingia kwenye ujenzi mwaka 1978 na kuendelea hadi 1993. Walileta pampu za mkono za Nira, ambazo watu wazima wa mabondeni wanazikumbuka kwa jina.

Pampu ya Nira haikuwa mbaya. Tatizo lilikuwa dogo kuliko pampu yenyewe: kipuri. Maji yakiwa bure hakuna mfuko. Bila mfuko, mpira wa ndani ukichakaa unasubiriwa mtu wa mradi na gari lake. Mtu wa mradi akiondoka, kijiji kinarudi bondeni. Sera ya Maji ya mwaka 1991 ndiyo iliyokiri kwamba watumiaji lazima wachangie, na tangu hapo mambo yamebadilika kisheria mara kadhaa. Leo, chini ya Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, mradi wa kijijini unaendeshwa na chombo cha watumia maji ngazi ya jamii kinachosimamiwa na RUWASA, wakala wa Serikali wa maji vijijini, na ule mkubwa wa uwandani uko chini ya Mamlaka ya Maji Makonde. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya kibao chochote cha maji halimhusu mfadhili. Uliza pampu ikiharibika kesho nani ananunua kipuri, kwa hela ipi, iliyoko benki gani. Mwenyekiti wa chombo akijikuna kichwa, umeshapata jibu.

Swali la pili ni aina ya fedha. Huku kwetu kila kitu cha nje tunakiita "msaada", na neno hilo limetuponza. Msaada wenyewe ni fedha isiyorudishwa: Japani, kwa mfano, ilitoa ya namna hiyo kwa barabara ya lami ya Masasi hadi Mangaka. Mkopo nafuu ni deni: riba yake ni ndogo, una miaka ya kupumua kabla ya kuanza kulipa, lakini unalipwa, na analipa aliyezaliwa jana. Barabara ya Mnivata, Newala hadi Masasi inajengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mradi wa maji wa miji 28, ambao Makonde imo, unatokana na mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India; mikataba ya wakandarasi ilisainiwa Ikulu ya Chamwino mwezi Juni 2022. Mikopo ya India ya aina hii kwa kawaida hutaka sehemu kubwa ya bidhaa na huduma, takriban asilimia 75, itoke India. Ndiyo maana mkandarasi ni Mhindi na bomba limesafiri baharini. Si wizi, ni sharti la mkopo. Lakini ukilijua utaelewa kwa nini fundi wa Newala amepata kazi ya kuchimba mtaro tu.

Kwa nini nasisitiza deni? Kwa sababu ya magofu ya korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, na wakubwa wakaona kiwanda kila wilaya. Vikajengwa viwanda, Newala na Masasi vikiwemo, kwa fedha za mikopo, ya Benki ya Dunia ikiwemo. Wakati huohuo Operesheni Vijiji iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, bei ikadorora. Kufikia 1986/87 mavuno yalishuka hadi karibu tani 16,500. Mashine zilikaa zikisubiri korosho ambazo hazipo, na deni halikusubiri kitu. Zao lilifufuka baadaye kwa njia isiyo na fahari: watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, wakisaidiwa na Waingereza, waliwafundisha wakulima kupuliza salfa na kupanda miche bora. Hakuna aliyekata utepe kwa ajili ya unga wa salfa, ila ndio uliotuvusha.

Kuna sharti jingine lisiloandikwa kwenye kibao, nalo ni siasa. Hapa lazima tuvuke bahari kidogo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilikumbatiana na Ujerumani Mashariki, iliyoanza kuwajengea maghorofa. Ulipokuja Muungano mwezi Aprili, Ujerumani Magharibi ilitaka ubalozi wa Mashariki ufungwe. Mwaka 1965 Dar es Salaam iliruhusu ubalozi mdogo tu wa Mashariki, serikali ya Magharibi mjini Bonn ikakasirika na kuondoa wataalamu wake wa kijeshi. Nyerere akajibu kwamba kama ni hivyo, wachukue na misaada mingine. Nchi changa ilipoteza fedha nyingi kwa neno moja. Wapo wanaomsifu hadi leo na wapo wanaoona alijitia hasara. Mimi niko na wa kwanza. Kilichobaki ni utaratibu: mambo ya nje na mikopo ya nje ni mambo ya Muungano, na mwenye mamlaka ya kuikopea Serikali ni Waziri wa Fedha. Diwani hawezi kukukopea. Mbunge hawezi. Anayesimama jukwaani akisema "nimewaletea mkopo wa barabara" anatumia ulimi vibaya.

Mwana wa Lupaso, Masasi, Benjamin Mkapa, alikuta uhusiano na wahisani umechacha alipoapishwa Novemba 1995. Mwaka huohuo jopo la mchumi wa Kanada Gerald Helleiner, lililoundwa kwa msaada wa Denmark, lilikuwa limesema wazi kwamba wahisani wanaendesha miradi kana kwamba nchi haina mwenyewe, na Serikali nayo imelegea. Chini ya Mkapa fedha nyingi zaidi zilianza kupitia bajeti ya Serikali badala ya akaunti za miradi. Kwetu, Wafini walishajifunza somo hilo kwa njia yao: mradi wao wa RIPS, uliodumu 1988 hadi 2005, uliingia kwanza na mipango ya mezani, kisha kuanzia miaka ya 1990 ukaanza kukaa chini ya mwembe na wanakijiji, wakachora ramani ardhini kwa majivu na mbegu. Baadaye ukaja LIMAS, 2010 hadi 2016, uliohusu kilimo-biashara na misitu katika Newala na Liwale. Miradi yote miwili imekwisha. Kilichobaki uulize kwa macho yako, kijiji kwa kijiji.

Sasa, njia ya kuuliza. Ujue kwanza halmashauri yako ni ipi, maana Masasi kuna ya Mji na ya Wilaya, na Newala hivyohivyo. Watu wengi hupoteza nauli kwenye ofisi isiyo yao. Mahali pa kuanzia ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe wake na unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Mapato na matumizi ya kijiji yanasomwa pale. Usiulize "hela zimeliwa wapi?" Utajibiwa kwa ukali au kwa mzaha. Uliza jina la mradi, chanzo cha fedha, kiasi kilichoingia kwa robo hiyo, na tarehe mradi utakapokabidhiwa. Omba majibu yaandikwe kwenye muhtasari.

Uliza pia kuhusu watu. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya maendeleo kwa agizo moja la rais, na Julai shirika lake la USAID likaacha kuendesha misaada. Zahanati iliyokuwa ikitegemea mhudumu anayelipwa na mradi ilijua maana yake ndani ya wiki. Kila penye mfanyakazi wa mradi, uliza kama nafasi yake imo kwenye ikama ya halmashauri.

Bei ya maji ya mamlaka ikitaka kupanda, EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, hukusanya maoni ya watumiaji kabla ya kuidhinisha; nenda, hata kama utasema sentensi moja. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoka kila mwaka, na kuna moja ya miradi ya maendeleo pekee. Kama unanusa rushwa, TAKUKURU hupokea simu bila malipo kwa namba 113.

Wakikuzungusha, andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyoko kwenye ofisi ya umma, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Barua isiwe ndefu: jina lako, anwani yako, taarifa unayoitaka, sahihi. Andika nakala mbili. Moja waachie masijala, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uikunje, uiweke pamoja na stakabadhi zako za korosho.