Ayala wa Bustani ya Mfalme

Katika nchi ya Uchina yuko mnyama ambaye watu wa kale walimpa jina la ajabu, maana yake, "Asiyefanana na wanne." Walisema ana kwato kama za ng'ombe, wala si ng'ombe, shingo kama ya ngamia, wala si ngamia, mkia kama wa punda, wala si punda, pembe kama za ayala, wala si ayala. Kwa kweli yeye ni wa jamii ya ayala. Hupenda nchi ya majimaji, na kwato zake pana humsaidia asizame matopeni.

Zamani wanyama hao walikuwa wengi. Lakini watu waliwawinda na kuyalima mabonde yao, hata wakaisha porini. Kundi moja tu lilisalia, katika bustani ya Mfalme karibu na mji wa Beijing. Bustani hiyo ilizungukwa na ukuta, nao askari waliilinda.

Mwaka 1865 padre Mfaransa, Armand David, aliyependa sana kuchunguza viumbe, alichungulia juu ya ukuta akawaona. Baadaye wachache walipelekwa Ulaya, wakawekwa katika bustani za wanyama. Watu walikwenda kuwatazama kwa kuwa ni wageni kutoka mbali; wala hawakujua ya kuwa wanatazama akiba.

Yapata mwaka 1895 mto ulifurika ukabomoa ukuta wa bustani ya Mfalme. Ayala wengi walitoroka, na watu wenye njaa wakawaua wakawala. Mwaka 1900 palitokea vita, na askari wakawamaliza karibu wote waliobaki. Basi Uchina ikakosa mnyama wake.

Huko Uingereza, Herbrand Russell, Mtawala wa Bedford, aliona hatari. Ayala wa Ulaya walikuwa wametawanyika, wawili hapa, watatu pale. Wakikaa hivyo watazeeka na kufa bila uzao wa kutosha. Akawakusanya 18 katika shamba lake pana la Woburn. Huko wakazaana. Katika miaka ya 1940 baadhi yao walipelekwa mahali pengine, ili msiba mmoja usiwaangamize wote.

Hatimaye, mwaka 1985, kundi lilitoka Woburn likarudishwa Beijing, mahali pale pale palipokuwa bustani ya Mfalme. Leo wako maelfu katika Uchina, nao wote ni uzao wa wale wachache wa Woburn. Wahenga walisema kweli: Akiba haiozi.

MASWALI

1. Kwa nini mnyama huyu aliitwa "Asiyefanana na wanne"?
2. Ukuta ulimsaidiaje mnyama huyu, na kwa nini haukutosha?
3. Kwa nini Mtawala wa Bedford aliwakusanya pamoja, na kwa nini baadaye wengine walitengwa?