Mashudu ya Mbono Kaburi na Kazi Zake

Wanachama wetu hawana haja ya kuambiwa kwamba makonyo ya karafuu si taka. Hupelekwa kiwandani Wawi, Pemba, yakachemshwa kwa mvuke, yakatoa mafuta. Leo twapenda kueleza kuwa jambo lilo hilo limo katika mafuta ya mitambo yatokayo kwenye mimea, hasa mbono kaburi, ambao wengi wetu twaujua kwa kufanyia ua tu.

Kupata lita moja ya mafuta yatakiwa mbegu kilo 4 hadi 5. Basi sehemu kubwa ya mzigo hubaki mashudu, na mwenye kuhesabu mafuta peke yake hesabu yake haisimami. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Diligent ya Arusha, iliyokuwa ikinunua mbegu kwa wakulima wadogo, iliyashindilia mashudu yakawa vipande vya kuni. Yafaa pia katika mtambo wa gesi ya samadi, au shambani kuwa mbolea.

Lakini hapa tuonyane. Mfugaji wa bara, tuseme wa Nambis kule Mbulu, akizoea kumpa ng'ombe mashudu ya alizeti, aweza kuyadhani haya ni ndugu zake. Siyo. Mashudu ya mbono kaburi yana sumu, kukamua hakuiondoi, na hata moto wa jikoni hauimalizi. Magunia yake yakae mbali na zizi, na aliyeyashika anawe mikono.

Mafuta hayo yakitaka kuwa dizeli, huchanganywa na methanoli na kostiki soda. Hapo chini hutuama gliserini, kama kilo 1 kwa kila kilo 10 za dizeli. Ikisafishwa huingia katika dawa na vipodozi. Isiposafishwa huwa na methanoli ndani yake, nayo ni sumu na hushika moto upesi. Isipakwe mwilini hata kidogo. Mwaka 2007 kampuni ya Solvay, huko Tavaux, Ufaransa, ilianza kuigeuza gliserini kuwa kemikali ya kufanyia gundi ya epoksi, kemikali ambayo kwa desturi hutokana na petroli. Ni kazi kubwa hiyo, si ya pipa moja la uani.

Tena dizeli ya mimea ilipozidi Ulaya na Marekani miaka hiyo, gliserini ilijaa sokoni na bei ikaanguka. Kwa mkamuaji mdogo twaona bora aitie katika mtambo wa gesi, kidogo kidogo pamoja na samadi: gesi huzidi. Akiimimina yote kwa pupa, mtambo husimama.