SOMO LA WIKI: Bei ya mnada si kipato cha mchoraji

Novemba 2019, mchoro uitwao The Conservationists ulipigwa mnada na Sotheby's mjini New York kwa takriban dola milioni 1.5. Makisio yalikuwa dola 50,000 hadi 70,000. Mchoraji ni Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, akasomea London, na ambaye huchora juu ya lubugo, kitambaa cha magome ya mti kutoka Uganda.

Faida ilimwendea nani? Si mchoraji. Picha ikishauzwa mara ya kwanza, mauzo yanayofuata ni ya mwenye mali, na sheria za New York hazimlazimishi kumpa mchoraji fungu. Ndivyo zilivyo hisa: mwenye nazo akimuuzia mwingine, kampuni haipati senti.

Mwaka 2020 Armitage alianzisha Nairobi Contemporary Art Institute, jumba la maonyesho lisilolenga faida, kwa ajili ya kukuza na kuhifadhi sanaa ya Afrika Mashariki. Mnunuzi mdogo naye ana la kujifunza hapo: picha yenye historia inayojulikana huuzika kwa urahisi. Anunuapo, adai risiti yenye jina la mchoraji, jina la picha na mwaka ilipochorwa.