Viazi, Saa ya Kula na Sukari ya Damu



Kambini tulikula mara moja kwa siku, jioni, ili posho ifike mwisho wa mwezi. Tulipofika hapa Marekani, mama yangu aliendelea vivyo hivyo: anashinda na chai, anatoka kazini usiku, anakula sahani kubwa ya viazi vya kuponda, analala. Daktari alipomwambia ana kisukari, alisema, "Basi, viazi nimeviacha." Hakuhitaji kuviacha. Alihitaji kujua mambo matatu.

1. Namna ya kupika
Viazi vina wanga, na mwili huugeuza wanga kuwa sukari. Viazi vya kuponda, vikiliwa vya moto, hupandisha sukari haraka. Ukivichemsha na kuviweka kwenye friji hadi kesho yake, sehemu ya wanga huwa ngumu kumeng'enywa, na sukari hupanda taratibu zaidi. Chipsi huongeza mafuta na chumvi.

2. Kiasi na kitoweo
Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walilinganisha shibe ya vyakula 38. Viazi vya kuchemsha viliongoza, vikashinda mkate mweupe zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo robo ya sahani inatosha. Nusu iwe mboga, kama lengalenga, na robo iliyobaki maharagwe, samaki au nyama. Anza na mboga na kitoweo, viazi vifuate.

3. Saa ya kula
Mchana mwili huimudu sukari vizuri kuliko usiku. Sahani ile ile ikiliwa saa tano usiku huweza kupandisha sukari zaidi kuliko ikiliwa saa saba mchana. Tena aliyeshinda njaa hula kupita kiasi. Ukifanya kazi usiku, kula chakula kikuu kabla ya kutoka nyumbani, na ubebe kidogo cha kula kazini.

Tahadhari
Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari, usiruke mlo wala kubadili saa za kula kabla ya kumuuliza daktari. Ukitetemeka na kutoka jasho, pima. Ikiwa chini ya 70, kunywa nusu kikombe cha juisi, subiri dakika 15, pima tena.

Zoezi la wiki hii
Kwa siku tatu, pima sukari kabla ya kula na saa mbili baada ya kuanza kula. Andika chakula, saa na namba. Andika saa za hapa: saa moja jioni yetu ni 7:00 PM kwao. Watu wazima wengi wenye kisukari hushauriwa wawe chini ya 180 baada ya saa mbili. Muulize daktari namba yako wewe. Nenda na karatasi hiyo kliniki, na uombe mkalimani. Hulipi kitu.

Mama bado anakula viazi, mchana, pamoja na maharagwe. Karatasi yake iko kwenye mlango wa friji.