SOMO: KUTENGENEZA POINTI YA RELI NDOGO

Huko Ulaya na Marekani wako wajenzi wa treni za mfano, sehemu moja ya 87 ya treni halisi. Wengine hutengeneza pointi kwa mikono, hivi:

1. Gundisha mataruma yenye utando wa shaba juu ya mchoro. Kata utando katikati ya kila taruma, umeme usipige shoti.

2. Lehemu kwanza reli ya nje iliyonyooka. Nyingine zote hupimwa kutoka kwayo. Upana wa njia ni milimita 16.5.

3. Chonga ndimi mbili kwa tupa mpaka zilale sawasawa kwenye reli za kando.

4. Sukuma behewa kwa kidole, njia zote mbili. Likiruka, usilazimishe, pima tena.

Funzo: kwenye reli kubwa, kosa kama hilo huua watu.